Mzee Breki, Dereva wa Treni Aliyerudi Kazini

Baba yetu mpendwa, ambaye wasifu wake ninausoma mimi binti yake wa kwanza, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 katika nyumba za wafanyakazi wa reli, nyuma ya karakana. Alikuwa mtoto wa nne wa fundi wa njia. Bibi alizoea kusema kwamba mtoto huyu alilala treni ikipita na kuamka ikinyamaza.

Alisoma shule ya msingi jirani na stesheni, 1959 hadi 1966, kisha sekondari. Mwalimu wa hesabu alimhamisha kutoka dirishani, maana kila injini ilipopiga honi, hesabu ziliondoka nayo.

Mwaka 1972 aliajiriwa kuwa msaidizi wa dereva, na 1979 akakabidhiwa injini. Wenzake walimwita Breki, kwa kuwa alisimamisha treni kwa upole hata chai ya abiria isimwagike. Tarehe 4 Septemba 1976 alifunga ndoa na mama yetu, fundi cherehani, wakajaliwa watoto watatu. Kwa ubishi, baba hakuwa na mpinzani ila mama.

Agosti 2003, kijana mwenye baiskeli aliingia mbele ya treni yake kwenye kivuko cha reli, akafariki papo hapo. Uchunguzi ulimwondolea baba lawama, lakini yeye mwenyewe hakujiondolea. "Nilichelewa kufunga breki," alirudia kila siku. Birika likipiga mluzi jikoni, alishika meza kwa mikono miwili, jasho likimtoka. Akaomba kuhamishiwa stoo. Sisi tukawa tunanyata ndani ya nyumba yetu wenyewe.

Baada ya miaka miwili, mama akachoka. "Baba watoto, kilichorudi hapa ni mwili tu. Mwenyewe umebaki kule kivukoni."

"Kwani mimi mwendawazimu?"

"Nani kasema? Mguu ukivunjika si unaenda hospitali? Mficha maradhi, kifo humuumbua. Vaa viatu."

Hospitalini walimkuta mtaalamu wa kutibu kiwewe, mwanamke kijana. Alimwomba baba aikumbuke ajali huku akivifuata kwa macho vidole vya mtaalamu huyo, vikienda kushoto na kulia, kichwa cha baba kikiwa kimetulia.

"Binti yangu," baba akasema, "macho yangu hupimwa kila mwaka. Ninaumwa huku." Akajigusa kifuani.

"Najua, mzee. Tutafika huko huko, ila kwa njia hii."

Siku ya kwanza alilia mpaka kola ikalowa, akaapa harudi tena. Akarudi. Wiki zikapita. Siku moja, macho yakiwa yanafuata vidole, akashtuka. "Mkono! Mkono wangu ulikuwa umeshavuta breki kabla sijapiga kelele. Sikuchelewa. Treni ndiyo nzito."

Jioni ile birika lilipopiga mluzi, yeye ndiye aliyeinuka kwenda kuliepua. Kijana yule hakumsahau kamwe, ila sasa aliweza kumtaja na kumwombea bila kutetemeka.

Alirudi kwenye injini mwaka 2006, akaendesha mpaka alipostaafu 2011. Dereva yeyote aliyepatwa na ajali alibishiwa hodi na baba. "Sikuja kukupa pole," alikuwa akisema, "nimekuja kukupeleka." Mmoja alimfokea kwamba kufuata vidole ni mazingaombwe. Baba akamjibu, "Hata mimi nilisema hivyo hivyo. Twende." Akamngoja kwenye benchi nje ya chumba cha mtaalamu mpaka alipotoka, macho mekundu, akiomba maji ya kunywa.

Novemba 2022 aligundulika kuwa na saratani ya ini. Aliugua bila kununa, akibishana na wauguzi juu ya mpira. Alifariki tarehe 19 Mei 2023, saa tatu asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa mama.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu sita, dada mmoja, na madereva walio kazini leo kwa sababu aliwabishia hodi. Wanne kati yao ndio waliombeba mpaka hapa, wakikataa kupokewa njiani.

Mwenyezi Mungu ampokee baba yetu, ampe pumziko lenye amani.