Filamu ya Bi Zahra Itapita Wapi?

Sogeeni, wanangu, sogeeni mpaka magoti yagusane, na mwenye simu aizime, maana sauti yangu haipandi tena na habari hii sitaki kuianza mara mbili. Ni habari ya benchi letu la Thamesmead, London, mbele ya duka la mashine za kufulia, tunapokaa kila Jumanne tukingojea nguo. Kahawa ya tangawizi naileta mie. Jaffar, Mzanzibari mwenzangu, tunamwita Kaseti: zamani alipiga video za harusi na kuzitembeza kwa begi London nzima. Teresia, Mkenya, nesi mstaafu, ni Sista. Telesphor wa Bukoba ni Mkurugenzi, kwa kuwa hata kufua huja na tai. Jumanne hiyo akatujia Mardhiya, mjukuu wa marehemu dada yangu, kompyuta kaikumbatia kama mtoto mchanga, macho mekundu.

Miaka mitano msichana huyo alimfuata shoga yangu Bi Zahra na kamera. Filamu ya kweli hiyo, si ya kuigiza: habari ya mwanamke aliyewaogesha na kuwalisha wazee wa London miaka thelathini, na sasa mwenyewe ndiye anayeogeshwa. Sie wa benchini tumo ndani sote. Filamu imekwisha miezi minane sasa, kampuni moja ya mtandaoni inaitaka, na jibu mwisho saa kumi na moja jioni hiyo.

— Wanataka haki zote, miaka kumi na tano, dunia nzima, Mardhiya akatueleza. Nikitia sahihi, mimi mwenyewe siruhusiwi kuionyesha hata kwenye ukumbi wa mtaa. Nikikataa, niitembeze mwenyewe, ukumbi kwa ukumbi.

— Na wao wataionyesha? Teresia akauliza.

— Hawajaahidi, Auntie. Wanaweza kuinunua wakaiweka tu.

— Ati kuiweka? Kama suti ya Krismasi?

Jaffar akakohoa. Akikohoa hivyo, jua hotuba inakuja.

— Mwanangu, msambazaji ndiye huyu hapa. Mie harusi ya London niliifikisha Muscat kabla fungate haijesha. Bila kampuni, bila mtandao.

— Kaseti, nikamwambia, na zile kanda mbili ulizozibadilisha?

— Ilikuwa mara moja, Bibi!

— Watu wa Rayners Lane wamekaa kitako, wanangoja kanda ya hitma ya baba yao, mara wakamwona Pradip wa Neasden, bwana harusi wa Kihindi, anaingia juu ya farasi, ngoma mbele.

— Na kwa kina Pradip? Teresia akachokoza.

— Walipata kisomo kizima, wakaniambia kinatuliza moyo. Na nyumba zote mbili waliangalia mpaka mwisho! Huo ndio usambazaji.

— Wacha nikwambie, Mardhiya, Teresia akasema. Hapa kwetu kila ghala likifika Jumapili ni kanisa. Mahubiri yakiisha, ushers wanasimama mlangoni, hakuna kutoka, filamu inaanza.

— Bi Zahra Mwislamu, Sista, nikamkumbusha.

— Basi? Maumivu ya mgongo yana dini? Wale wote wanafanya kazi ya kuinua wazee.

Telesphor akarekebisha tai.

— Ninyi mnafikiri kizamani. Filamu ipelekwe kwa mtu asiyeweza kuondoka. Hospitali, chumba cha kusubiri. Mtu anakaa saa sita pale, anaiona mara nne.

— Na akiitwa katikati?

— Hapo ndipo penyewe, bwana! Mwisho hajauona. Kesho anaumwa tena, anarudi.

— Yakhe, kwa nini hospitali? Jaffar akadakia. Lifti za majengo haya hukwama kila wiki. Weka televisheni ndani ya lifti.

— Anayekaa ghorofa ya pili je?

— Huyo ataona majina tu.

— Basi tuikate, Telesphor akasema, na sasa kasimama kabisa. Dakika tisini, watu tisini, kila mtu apewe dakika yake moja kwenye simu. Anayetaka kujua habari nzima alazimike kutembelea nyumba tisini. London itajuana ndani ya mwezi mmoja!

— Na ile dakika kamera ilipokukuta wewe ukisinzia na kikombe mkononi, nani ataichukua? nikamuuliza.

— Hiyo itunzwe Bukoba.

Tulicheka mpaka kahawa ikanimwagikia vidoleni. Mardhiya naye alicheka, kisha akatazama saa, akajifuta macho kwa kiganja, na sikujua anafuta kicheko au kingine.

— Nimebakiwa na saa moja, akasema. Nisaidieni kweli.

Hapo akasimama mbele yetu mwanamke mgeni, kavaa sare ya buluu ya wahudumu.

— Habari zenu, wamama na wababa. Mimi Faustine, natoka Kongo, namhudumia Mama Zahra wa ghorofa ya nne, wiki ya tatu sasa. Nimesikia mnataja filamu. Kila asubuhi nikimvalisha, Mama ananiuliza: ile filamu yangu, mimi nitaiona lini? Nimwambie nini?

Mashine ndani ilimaliza kuzunguka, ikalia, hakuna aliyeinuka. Maana hatukuwa tumeiona hata sie. Miezi minane tunaipangia njia ya kwenda Muscat na Toronto, na ngazi nne za kwa Zahra hatujazipanda nayo.

— Tamasha la filamu limeniandikia, linataka iwe haijaonyeshwa London, Mardhiya akasema polepole. Niliogopa nikivunja sharti wataitupa.

— Hata kitandani kwake? Faustine akauliza.

Teresia akanyoosha mkono apewe ile barua, akavaa miwani, akasoma akisogeza midomo.

— Hapa wamesema hadharani, mwanangu. Kitanda cha Zahra ni hadhara?

Msichana aliikumbatia kompyuta yake, akaanza kutembea, na sie nyuma yake. Nguo tuliziacha zikapoa ndani ya mashine.

Bi Zahra alikuwa na mpira wa hewa puani. Faustine akampandisha mito, kompyuta ikawekwa juu ya meza ya dawa. Zahra alijitazama akimwogesha mzee wa Kizungu aliyekwisha kufa zamani, akamsalimia kwa jina. Kila kidogo akiinua kidole:

— Simamisha. Hapo watu watacheka?

— Watacheka, Bi Zahra.

— Haya, endelea.

Saa kumi na moja ilipita filamu ikiwa katikati. Simu ya Mardhiya ilitetemeka juu ya zulia, hakuna aliyeigusa. Ilipokwisha, akampigia magoti shoga yangu, akamweleza habari ya kampuni, tangu haki zote mpaka ile miaka kumi na tano.

— Miaka kumi na tano? Zahra akasema, akacheka akakosa pumzi. Mie nina miezi mingapi? Wale niliowaogesha wana watoto hapa hapa London. Mpelekee kila mtu alipo. Lakini Jaffar asiachiwe peke yake!

Aliishi wiki saba baada ya siku hiyo, na katika wiki hizo aliigawa London kama mtu anayegawa shamba. Jaffar aliachiwa Rayners Lane na Neasden. Teresia aliachiwa makanisa yote, na manesi wanaotoka zamu. Telesphor aliachiwa kupanga viti na kuvipangua, na hufanya hivyo bila kuvua tai. Faustine aliachiwa kanga tatu na kile kiti cha kando ya kitanda. Mardhiya aliachiwa filamu, haki zote, miaka yote. Na mie aliniachia kukaa safu ya nyuma, kila inapoonyeshwa, kisha Ijumaa niende kaburini nikamwambie watu wamecheka wapi.