Beki wa Lorne Hrycak

Vioo vya basi la Winnipeg, Kanada, vilikuwa na ukungu, na kwa kidole Lorne Hrycak alichora kiwanja cha barafu. Kando yake alikaa Odette, mwenzake katika ligi ya hoki ya barafuni ambayo wanachama hubuni wachezaji, kisha kompyuta peke yake huzicheza mechi na kutoa matokeo. Jioni hiyo kura ya Odette ndiyo ingeamua kigezo cha tuzo ya beki bora. Sokoluk, beki aliyebuniwa na Lorne, alikuwa anastaafu msimu huo bila tuzo yoyote.

“Tuhesabu mabao, kaka. Huyo wako ana mawili!” Odette akasema.

“Mabao ya nini? Beki bora ni yule anayemfanya mpinzani asithubutu hata kupiga golini. Kompyuta inaandika kilichotokea tu. Na Sokoluk hana siku nyingi.”

Bibi wa kiti cha mbele akageuka kwa huruma, akidhani Sokoluk ni mgonjwa wao.

“Sasa hicho kisichotokea wewe umekionea wapi? Mechi zenyewe hakuna anayeziona!” Odette akamwuliza Lorne.

Lorne akafuta kioo. Mto ulikuwa umeganda, na akilini mwa Lorne Sokoluk aliteleza juu yake kinyumenyume, taratibu, mpinzani akikosa pa kupita.

Basi likasimama. Odette akashuka, kisha akageuka. “Huwa anawabana wapinzani upande gani?”

“Kushoto,” Lorne akajibu bila kufikiri.

Mlango ulipofungwa, Odette alikuwa bado amesimama kwenye theluji, akiutazama upande wa kushoto wa mto.