Kiti cha Pili cha Ndege ya Papa Nzabonimpa

Ndugu, majirani, na ninyi nyote mliokuja kutushika mkono, kwa niaba ya familia, mimi Umurerwa, binti yake wa mwisho, ninawasomea maisha ya Papa wetu.

Marehemu Théoneste Nzabonimpa alizaliwa Giheke tarehe 14 Machi 1948, na mwaka 1961 alivuka mto Rusizi kwa miguu, akimfuata mama yake ukimbizini Bukavu, huko akamaliza shule ya msingi, na mwaka 1967 akaanza kazi ya ufundi wa ndege ndogo, chini ya rubani mmoja mzee aliyemfundisha pia kuzirusha.

Tarehe 6 Julai 1974 alifunga ndoa na Maman, Béatrice Nsimire, wakajaliwa watoto watatu, Valens, Christelle na mimi.

Rubani yule alipoondoka nchini, mwaka 1991, alimwachia Papa ndege yake kuukuu ya viti viwili, na tuliporudi Rwanda mwaka 1995 ikabaki ng'ambo, katika shamba la kwinini kando ya Ziwa Kivu, imefunikwa turubai, na jioni nyingi Papa alisimama hapa Kamembe akitazama upande ule, kwa sababu alitamani kuileta nyumbani kwa kuruka, apite juu ya Giheke, alikoondoka akiwa mtoto anayelia.

Vita vya kwanza huko ng'ambo vilipotulia, mwanzoni mwa 1998, aliikuta nzima, akapata ruhusa ya kuivusha, lakini injini ilikuwa imechoka, na askari wa milimani walipiga risasi chochote wasichokijua, kwa hiyo sisi tulimsihi aipakie mtumbwini, naye akasema hiyo ni kuitukana ndege, ndipo Maman akamwambia, "Papa Valens, ruka tu, lakini kile kiti ya pili ni yangu," na asubuhi iliyofuata Papa akachukua spana, akayafungua mabawa ili ipakiwe mtumbwini.

Wavuvi wa Nkombo walifunga mitumbwi mitatu pamoja kwa miti, kama wanavyofanya wakienda kuvua sambaza, wakaipakia, wakapiga kasia wakiimba, na mkubwa wao, Mzee Cubaka, akamtania, "Mzee, hii samaki yako iko na magurudumu, tutaikaanga mu sufuria gani?" Papa akacheka, lakini macho yake yalikuwa juu.

Agosti mwaka ule vita vikarudi, ruhusa ya kuruka haikupatikana tena, na mabawa yakabaki yameegemea ukuta wa nyumba.

Februari 2003 Papa aliugua ini, akalazwa, kisha akaomba arudishwe nyumbani, na Jumapili iliyopita tulimbeba hadi uani, tukamketisha ndani ya ndege, Maman akapanda kiti cha pili, Papa akashika usukani, akasema polepole, "Maman Valens, angalia chini, ile ni Giheke."

Alifariki Jumanne, tarehe 17 Juni 2003.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Kamembe, mafundi wenzake, na wavuvi wa Nkombo waliovuka tena ziwa kwa ajili yake.

Papa, safari hii umeruka bila kumngoja Maman, na leo asubuhi tumemkuta amekaa ndani ya ndege, katika kile kiti chake cha pili. Pumzika kwa amani.