Fundi Taratibu, Aliyekiamshia Kipimo Nje

Kila asubuhi, kabla ya chai, marehemu alitoka uani na kipimo chake mkononi. Alisimama karibu na kamba ya nguo, mbali na jiko na mbali na mtu yeyote aliyejipaka manukato, akakiinua juu, akakiwasha. Kipimo chenyewe kina shingo ya kupinda, na mwisho wa shingo kina pua ndogo. Kazi yake ni kunusa gesi inayovuja kwenye viyoyozi, gesi ambayo binadamu haioni wala haisikii harufu yake. Kikiwashwa hukaa kimya kidogo hadi kipate moto, kisha huanza kugonga polepole: tik, tik, tik. Hapo marehemu alisema, "Mjukuu kaamka," akakizima, akaingia ndani kunywa chai. Alikiita Mjukuu kwa sababu hulia kwa jambo dogo, lakini halii bure, na kazi ya mkubwa ni kumfuata ajue analilia nini. Akifika kazini alikiamsha tena nje, kabla ya kuvuka kizingiti cha mtu. Aliyekiwashia ndani alimwona marehemu mwingine kabisa. Hasira ile ilikuwa na asili yake, na hatuwezi kusoma maisha yake tukairuka.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Juni 1968, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni. Alikuwa mtoto wa kwanza wa baba aliyekuwa dobi na mama aliyekuwa mshonaji. Nyumba ile ilikuwa na pasi za makaa tangu alfajiri, na mama yake alisimulia kwamba mtoto huyu, kabla hajajua kutembea, alitambaa hadi chini ya mtungi wa maji akalaza shavu kwenye sakafu ya saruji. Alitafuta ubaridi kabla hajajua jina lake. Mdogo wake wa pekee alizaliwa mwaka 1974. Mama alikiweka kitoto mapajani pake akamwambia, "Huyu ni wako. Usimwachie mkono." Marehemu alikibeba mgongoni mpaka kikaota miguu ya kukimbia, na kilipokimbia hakikusimama tena. Mtaa ukawapa majina: mdogo Kasi, dada mtu Taratibu. Majina yakawaganda.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1976 hadi 1982. Alipenda somo la sayansi, na mwalimu wake aliandika kwamba ni mwanafunzi asiyejibu mpaka awe na hakika, jambo lililompunguzia alama nyingi. Baba alipoanza kuumwa miguu, marehemu alibaki nyumbani kupiga pasi. Mwaka 1985 mjomba wake, fundi wa majokofu, alimchukua karakanani. Mjomba alimfundisha kufuata bomba la shaba kwa vidole, kutafuta doa la mafuta kwenye maungio, kupaka povu la sabuni na kungoja litoe kipovu. Mwaka 1992 macho ya mjomba yalipokataa, alimwachia karakana pamoja na kipimo cha kwanza. Vilivyofuata vyote vilirithi jina la Mjukuu. Siku ya kumkabidhi alimwambia gesi ni nzito kuliko hewa, hushuka na kuifukuza hewa ya kuvuta, kwa hiyo anayetafuta asione haya kupiga magoti. Na mkono, alisema, uende kama kinyonga mwenye mimba.

Ndoa yake nayo ilipitia kwenye kipimo hicho hicho. Kijana mmoja kinyozi alikuwa akileta feni karakanani, feni ile ile, mara imegoma, mara inapiga kelele, na fundi akiifungua haoni kasoro. Siku moja alikuja amejimwagia manukato ya dukani kwake. Marehemu alikuwa ameshika kipimo, akapita karibu naye, na kipimo kikaanza kulia kama kimekanyagwa. Akakizungusha polepole hadi kikamfika kijana shingoni. "Mjomba," akaita bila kucheka, "huyu anavuja." Mjomba akajibu kutoka ndani kwamba basi amzibe. Walifunga ndoa tarehe 18 Septemba 1993, wakajaliwa binti na mtoto wa kiume. Kinyozi hakujipaka manukato tena siku za kazi, na alizoea kuwaambia wateja wake kuwa mkewe ana mume mwenza mwenye shingo ndefu.

Kasi alipochoka kuendesha magari ya watu, mwaka 2003, dada yake alimwingiza kwenye kazi. Mafundi wenzao waliwatania kwamba haraka haina baraka na taratibu haina chakula, basi hawa wawili wakichanganywa anapatikana fundi mmoja. Kweli walipatana. Mmoja alipanda ngazi, mwingine alipiga magoti. Walicheka njia nzima wakirudi.

Linalofuata, Kasi mwenyewe ameomba lisomwe leo kama lilivyo.

Mwaka 2010 waliitwa kwenye jengo la ofisi ambalo chini kabisa lilikuwa na chumba kidogo cha mitambo ya simu, hakina dirisha, kinapozwa na kiyoyozi kikubwa. Mlinzi wa jengo, mzee mpole, alikuwa na mazoea ya kutandika mkeka humo baada ya chakula cha mchana, kwa sababu sakafu yake ilikuwa baridi. Siku hiyo mafundi walimwomba asubiri nje kwanza. Marehemu alikuwa juu ya paa kwenye mashine ya nje. Akamtuma mdogo wake chini na kipimo.

Kipimo kina tabia moja ambayo kila fundi hufundishwa siku ya kwanza. Hewa kinayoamkia ndiyo kinayoihesabu kuwa safi. Ukikiamshia penye gesi, kinaichukua gesi ile kuwa ndiyo dunia, na hakilii. Kasi alikuwa na kazi nyingine ikimngoja. Alishuka mbio, akaingia, akafunga mlango, akakiwashia mle mle. Kikagonga polepole, tik, tik. Akazunguka nacho chumba kizima, hakikulia. Akatoka, akamwambia mlinzi chumba ni salama, akapanda paani.

Dada yake alikuwa amekaa kwenye kivuli cha mashine, ameshika geji iliyoonyesha kwamba gesi imepungua sana. Akamuuliza Mjukuu kasema nini. Akajibiwa hakuna kitu.

"Uliamshia wapi?"

"Humo humo ndani, dada."

Taratibu alikimbia. Walioshuhudia wanasema alizishuka ngazi zile kama mtu anayeanguka. Mlinzi alikuwa amelala kwenye mkeka, kinywa wazi, midomo imebadilika rangi. Wakamvuta kwa miguu, yeye na mkeka wake, hadi kwenye ngazi, wakamwinua hadi penye upepo. Alikaa bila kujibu kwa muda ambao Kasi mpaka leo hawezi kuueleza. Kisha akakohoa, akafungua macho, akauliza nani kamvua viatu. Alipona, ila kichwa kilimsumbua kwa muda mrefu, na hakukubali tena kazi yoyote ya kushuka chini ya ardhi.

Njiani kurudi hakukuwa na kicheko. Kasi alisema alikuwa na haraka. Dada akajibu, "Najua. Kipimo hiki usikiguse tena." Wala hakupaza sauti.

Tangu siku hiyo waliendelea kufanya kazi pamoja, na mtu wa nje asingeona tofauti. Kasi alibeba ngazi, mitungi, pampu, alifunga waya, aliosha vichujio. Kipimo kilikaa begani kwa dada. Watoto wa nyumba ile walikua wakijua kwamba kuna kitu kimoja kinachopitishwa juu ya meza bila kupita mkononi mwa mjomba wao. Kinyozi alisema nyumbani kwake kuna watu wawili, mmoja hawezi kutoa, mwingine hawezi kuomba, na chai inawapoa wote.

Mwaka 2021 marehemu alianza kuvimba miguu na kukosa pumzi akipanda hata ngazi tatu. Daktari alikuta moyo umechoka. Akapewa dawa, akakatazwa paa, ngazi na mizigo. Alitii yote, ila asubuhi uani hakuacha. Swali lililobaki halikusemwa: nani atakishika? Wateja walipiga simu. Kasi alifanya kila kazi aliyoweza, lakini panapotakiwa kutafutwa uvujaji alimwelekeza mteja kwa fundi mwingine. Kila asubuhi alipita kumjulia hali dada yake, akamkuta kwenye kamba ya nguo. Alimuuliza, "Mjukuu hajambo?" Akaambiwa hajambo. Wote wawili walikitazama, kisha kikarudishwa kwenye sanduku lake. Ikawa hivyo karibu miaka minne.

Alhamisi, tarehe 6 Machi 2025, kipimo kilikuwa bado kinagonga mkononi mwake pale uani wakati mwalimu mkuu wa chekechea ya mtaa wa pili alipoingia akihema. Watoto walioletwa tangu alfajiri wakalazwa kwenye chumba cha mapumziko walikuwa wakiamka na kichwa kizito, wawili wametapika. Kiyoyozi kilijazwa gesi mwezi uliopita na sasa hakipozi tena. Alikuwa amewatoa wote uwanjani, lakini mawingu yalishafunga, na hakuwa na chumba kingine cha kuwaweka. Kasi alikuwa mlangoni. Alisema watafute fundi. Dada yake akavaa viatu.

Walikwenda mwendo wake yeye, akisimama kila kona kuvuta pumzi. Walipofika, watoto walikuwa wamesongamana chini ya kibaraza chembamba, kila mmoja na godoro lake dogo kichwani. Kutoka uwanjani hadi chumbani kulikuwa na ngazi. Marehemu aliziangalia, akaketi kwenye kiti cha mtoto kilichokuwa karibu, akamnyooshea mdogo wake kipimo.

Kasi hakukipokea. "Dada, mimi siwezi. Tazama mkono unavyotetemeka."

"Vizuri," akasema. "Basi utakwenda taratibu."

Kasi akakipokea. Akakizima, akatembea hadi katikati ya uwanja, akakiamsha upya penye upepo, akangoja. Kisha akaingia. Marehemu alibaki kwenye kiti, ameelekeza sikio kwenye dirisha. Mlio ukazunguka chumba: tik, tik, tik. Ukapita ukutani, ukapita mlangoni, haukubadilika. Matone ya kwanza ya mvua yakaanguka. Mwalimu mkuu akasema si mnasikia, hakilii, na watoto wa mbele wakaanza kusogea na magodoro yao kwenye ngazi. Mama mmoja aliyekuja kumchukua mwanawe akamuuliza marehemu kama waingie. Marehemu aliushika mkono wa mtoto wa kwanza akauzuia, na macho hakuyatoa dirishani. Angeweza kuita. Alijua mdogo wake amesahau nini, na gesi hiyo, kama ipo, imelala chini, pale mtoto anapoweka kichwa.

Ndani Kasi alikuwa amesimama. Anasema mlio ule wa polepole aliujua. Ulikuwa mlio wa chumba cha mitambo. Hapo ndipo alipohisi upepo shingoni, akatazama juu, akaona kiyoyozi bado kinapuliza. Upepo wake ulikuwa ukiifukuza gesi kabla pua haijaifikia. Akazima kiyoyozi. Akafunga dirisha la mbali, akasubiri hewa itulie, mvua ikiongezeka na mwalimu mkuu akigonga mlango. Kisha akapiga magoti, akainamisha shingo ya kipimo, akaanza kuusogeza mkono juu ya sakafu kama kinyonga mwenye mimba.

Kipimo kikalia. Kilianza kwa mbali, kikaharakisha, kikapiga ukelele kwenye pembe ambapo magodoro hupangwa. Akaufuata mlio ukutani hadi kwenye nati ya bomba, akapaka sabuni, na povu likatoa kipovu.

Uwanjani marehemu aliuachia mkono wa mtoto. "Mjukuu kaona," akasema. Akawaambia walimu wawapeleke watoto kwenye duka la vyombo la jirani, madirisha yote yaachwe wazi, na asirudi mtu humo hadi fundi aseme.

Walimu wakauliza fundi yupi.

"Huyo aliyemo ndani."

Kasi alipotoka, magoti yamejaa vumbi, alimnyooshea dada yake kipimo. Hakukipokea. Alimwambia yeye anatangulia nyumbani, na kesho asubuhi asichelewe kukiamsha. Akainuka kwenye kile kiti kidogo, akajifunika kanga kichwani, akafungua geti, akatoka bila kitu begani.

Hakufika nyumbani. Aliketi kwenye benchi la kusubiria nje ya duka la kunyolea la mumewe, ameegemea ukuta kama mteja anayengoja zamu. Mumewe alimwona kupitia kioo, akamwashiria kwamba anamaliza kichwa kimoja. Alipotoka kumwita, alikuwa amekwisha kututoka.

Marehemu ameacha mume, binti na mtoto wa kiume, mkwe mmoja wa kike, wajukuu wawili ambao hulia kwa sababu zao wenyewe, wapwa, na mdogo wake mmoja, ambaye asubuhi ya leo, kabla ya chai, alisimama karibu na kamba ya nguo na kukiamsha kipimo. Marehemu ametangulia nje, kama ilivyokuwa desturi yake. Mwenyezi Mungu ampumzishe penye hewa safi.