Risala ya Walezi wa Kasulo Kuhusu Mwalimu wa Kemia Aliyezuiwa Kambini

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya. Viongozi wa dini na wa kata. Wageni wote mliofika,

Umetuamkia shikamoo sisi wazee kabla hatujasimama. Marahaba, mwanetu. Tumeliona hilo, na limetupa nguvu ya kusoma haya.

KARIBU KASULO

Sisi ni mabibi na akina mama walezi wa vijana wanaojiandaa na mtihani wa kemia wa chuo cha maabara. Wengine ni wajukuu wetu Wahangaza, wengine ni vijana wa Kirundi kutoka kambini. Ninayesoma ni Generoza. Nimechaguliwa kwa sababu miwani ni yangu.

TULIKOTOKA

Watu wa kambi ya Benaco, wakimbizi wa Rwanda, walipojaa hapa, kuni ziliisha, nasi tulinung'unika sana. Walipoondoka, Warundi walibaki katika kambi nyingine. Mmoja wao ni Mwalimu Sindayigaya, aliyekuwa akifundisha kemia kwao. Alikuja sokoni kununua chumvi, akawakuta wajukuu wetu wakikariri kwa sauti kitabu wasichokielewa. Akaweka mfuko chini. Muuza dawa akampa spiriti kidogo, bure. Mwalimu akawadondoshea maji mkono mmoja na spiriti mkono mwingine. Spiriti ikakauka upesi.

"Mmeona?" akasema. "Molekuli za maji zimeshikana kwa nguvu zaidi. Hazikubali kuachana haraka."

Tangu hapo anawafundisha. Malipo hajadai. Tukimpa ndizi, huwagawia wanafunzi kabla hajaondoka.

TULIYOYAFANYA

Darasa linakaa katika ghala la mahindi la parokia. Vijana wamejifunza kwa nini maji huchemka kwa joto kubwa kuliko spiriti, na kwa nini mafuta hayachanganyiki na maji. Wametufundisha na sisi kwamba maji yakishachemka hayazidi kuwa ya moto hata ukiongeza kuni, maana moto wote huo unatumika kuzitenganisha molekuli. Miaka yote tulikuwa tunaongeza tu! Sasa yakianza kutokota tunavuta kuni pembeni, na maharage yanaiva vilevile.

YALIYOTUPATA

Mgeni rasmi, somo la hali tatu za maji linataka barafu, nasi barafu hatuna. Gari la samaki litokalo Biharamulo hupita Alhamisi, na dereva, Mungu ambariki, alikubali kutuachia kipande. Lakini kibali cha Mwalimu cha kutoka kambini kilikuwa cha siku ya soko tu, Jumamosi. Alisita. Sisi ndio tuliomtumia ujumbe kwamba barafu haitangoja Jumamosi. Akaja. Hakutoroka, aliitwa.

Barafu ilinuka sangara. Nimpaye, binti wa kambini, akaziba pua.

"Mwalimu, hii itatutapisha."

"Mtihani hauulizi harufu, Nimpaye. Andika: yabisi."

Ikayeyuka, wakaandika kimiminika. Wakaichemsha, ikawa mvuke. Ili mvuke urudi kuwa maji, mwenzetu Rozalia akaleta mtungi na bomba la shaba alivyotumia zamani kupikia kinywaji ambacho hatutakitaja mbele yako. Sungusungu, walinzi wa kijiji, wakaona moshi, wakaona bomba. Kamanda wao, Aron, akaingia na fimbo.

"Bibi Rozalia! Si uliapa kanisani?"

"Onja basi, mjukuu wangu."

Akaonja. Akaomba kikombe cha pili ili awe na uhakika.

"Haina kitu," akasema, na uso ulionyesha masikitiko.

Tulicheka wote. Kisha akamwuliza Mwalimu kibali, na siku ile ilikuwa Alhamisi.

Tunaomba wema wa Aron ujulikane. Hakumshika Mwalimu mbele ya wanafunzi. Alisema, "Malizia somo kwanza," akakaa juu ya gunia hadi mwisho, na swali akauliza. Halafu wakatembea pamoja hadi kambini kama watu wanaotoka misa. Alitimiza wajibu wake, hatumlalamikii. Ila tangu siku hiyo Mwalimu amenyimwa hata kibali cha soko. Mtihani ni mwisho wa mwezi huu, na sura ya nguvu kati ya molekuli haijaisha. Vijana wamerudia kukariri kwa sauti. Tunawasikia kutoka jikoni, na tunajua hawaelewi.

TUNACHOOMBA

Tulikuwa na maombi mengi: bati, madawati, daraja. Jana tuliyafuta yote, tukabakiza moja. Mwalimu Sindayigaya aruhusiwe kutoka kambini siku za masomo mpaka mtihani upite. Sisi walezi tutampokea getini asubuhi na kumrudisha jua halijazama. Zamu tumeshapanga. Akichelewa, tuulizwe sisi.

Kama sheria inakataa, basi waruhusu wajukuu wetu waingie kambini wakafundishwe huko. Ubao wa darasa hatutamwomba mtu gari la kuubeba. Juzi tuliutoa ghalani, tukaubeba wenyewe hadi barabara ya kambini, ili tusije tukaahidi tusichokiweza. Tulipumzika njiani, lakini ulifika.

Mwenyezi Mungu akufikishe salama kwako, awape wazazi wako uzee wenye watu wa kuwasikiliza, na vijana wote waliokimbia vita awape mahali pa kukaa na kusoma. Jibu lako tutalingoja hapa hapa tulipokaa.

Ni sisi,
Walezi wa Darasa la Kemia,
Kasulo, Ngara.