Kitambaa cha Bwana Hamidu

Miaka thelathini na tatu Bwana Hamidu amekaa ofisi ya kumbukumbu hapa hospitalini kwetu Masasi, na tarehe thelathini mwezi huu wa sita anastaafu. Mimi Mama Grace, ninayewapikia chai, nimeombwa niseme habari zake. Isabela wa hapa ofisini anaandika, maana mimi kalamu sikuwahi kuishika.

Alikuja kijana mwembamba toka Makote, kule Newala. Siku hizo majibu ya damu yalishuka na basi, ndani ya bahasha. Yeye bahasha haipokei mpaka iandikwe nyuma: imetoka wapi, katuma nani, saa ngapi. Makondakta wakamwita Bwana Umetokea Wapi. Anacheka, anawapa ming'oko ya kuchemsha, vile viazi vya porini vya kwetu, nao wanaandika. Ming'oko anaipenda yule, na pilipili nyingi, mpaka machozi yamtoke.

Zikaja kompyuta. Majibu sasa ni mafaili, yanakuja yenyewe. Katikati pana programu inayapokea na kumfikishia daktari. Faili sijawahi kulishika, ila niliyaota. Yanashuka mlima wa Newala kwenye ukungu, kimya, kila moja na kapu kichwani, na hayana nyuso. Asubuhi nikawasimulia ofisini, wakacheka: Mama Grace kalala na njaa! Bwana Hamidu hakucheka. Akasema ndivyo yalivyo, Mama Grace, ile programu inayavua majina, inayaandikia saa ya kufika kwake tu.

Haikupita miezi miwili. Binti yangu Grace kaolewa Newala, akaja kwangu kujifungua. Kule alipimwa damu Jumatatu, akapimwa tena Jumatano. Mtandao ulikuwa umekatika, jibu la Jumatatu likakwama njiani, likaingia nyuma ya lile la Jumatano. Programu ikaliandikia saa ya kufika, likaonekana ndilo jipya. Linasema damu inatosha. Tukaambiwa twende nyumbani.

Tulikuwa tumefika mlangoni. Bwana Hamidu kaona majibu mawili ya mtu mmoja, hayafanani, na hakuna lililosema limetoka lini. Akatukimbilia na kandambili moja, akasema mama, kaeni kwanza. Akapiga simu Newala, akauliza hii damu ilitolewa siku gani. Kumbe ya Jumatano ilikuwa imeshuka vibaya. Grace akalazwa, akaongezewa damu. Mimi nikangoja kwenye benchi la nje ya wodi, nalijua kila msumari.

Kesho yake akamwita Lameck, fundi wa kompyuta. Lameck akasema mzee, faili limefika zima, unataka nini tena? Bwana Hamidu akaja kuchukua kapu langu jikoni, akaliweka mezani kwake. Kwetu Lulindi, nilikozaliwa mimi, ukituma kapu unachana pindo la khanga yako, unalifunga kwenye mshikio. Lipite mikono kumi, kitambaa hicho hakifunguliwi, na anayepokea anajua ni la nani. Akasema faili nalo lifungwe hivyo hivyo: jina lake la mwanzo, aliyelituma, siku na saa lilipotoka. Programu ilipitishe inavyotaka, kitambaa isiguse. Lameck alibisha siku mbili. Ya tatu akafunga.

Sasa hata vijana wapya utawasikia: hili halina kitambaa, lirudi lilikotoka. Na mimi ile ndoto imenirudia. Ukungu ule ule, mlima ule ule, lakini mafaili yana nyuso, yananiamkia shikamoo mama, kila moja linataja kwao.

Mtoto wa Grace padri alimbatiza Gift. Nyumbani tunamwita Hamidu, na padri mwenyewe siku hizi anamwita hivyo.

Bwana Hamidu, asante, baba. Wote hapa tunakuombea afya, mikorosho yako izae, upumzike na wajukuu. Kapu la ming'oko liko kwa mlinzi. Nimelifunga pindo la khanga niliyovaa siku ile kwenye benchi. Ukifika Makote, kula, kapu ligawe ukipenda. Kitambaa usikifungue.