Bi Tumu na Sahani za Gunma

Ijumaa hii, tarehe 29 Novemba 2019, Bi Tumu Bakiri Jumbe anastaafu baada ya kuitumikia Mashariki Injini kwa miaka ishirini na miwili. Kwa wageni waalikwa ambao hamtujui, sisi ndio wale wa Jules Street, pale Malvern, Johannesburg, tunaouza injini na gearbox kuukuu kutoka Japani. Jengo letu linanuka dizeli karakanani na iliki mapokezi. Dizeli ni yetu sote. Iliki ni ya Bi Tumu.

Nimeombwa niandike wasifu huu kwa sababu, kama anavyosema mkurugenzi wetu Suhaib, mimi Firmin wa gearbox ndiye niliyegombezwa na Bi Tumu kuliko mfanyakazi mwingine yeyote, kwa hiyo lazima namjua vizuri. Sibishi. Ila niseme mapema kwamba mwaka huu tumecheka naye huku roho zikiwa juu. Tangu Januari, alipotangaza kwamba Novemba atapumzika, tumekuwa na swali moja tu: akiondoka yeye, Mzee Shimura ataendelea kutuuzia mzigo? Mzee Shimura ndiye mwenye yadi ya kukata magari kuukuu huko Gunma, mkoa mmoja wa bara nchini Japani, na karibu injini zetu zote hutoka kwake. Akifunga geti lake, na letu linafungwa. Ndiyo maana huwezi kusimulia habari za Bi Tumu ukaiacha Gunma.

Alizaliwa Ngamiani, Tanga. Alifika Johannesburg na mumewe, ambaye sasa ni marehemu, na mwaka 1997 akaanza kazi kwetu akiosha vyuma vya gearbox kwa mafuta ya taa. Haukupita muda akahamishiwa mapokezi, na hapo hakung'oka tena. Wateja wa Lubumbashi, Lusaka na Harare walimjua kwa sauti. Kwake huulizi bei kabla hujaulizwa habari za mama yako, za watoto, na za mvua, na jibu la mkato halipokelewi. Wengine tulidhani anapoteza muda. Baadaye tukagundua kwamba wateja waliozoea kutudanganya sote, yeye hawakumdanganya. Ni kazi ngumu kumdanganya mtu aliyetoka sasa hivi kumuulizia mama yako mgonjwa.

Mwaka 2016 wakala wetu wa siku nyingi huko Japani aliacha kazi, na Mzee Shimura akatoa sharti. Hataki simu ya kutafsiri, hataki picha za mtandaoni. Anataka mtu wetu mmoja akae kwake, asimame yadini na wafanyakazi wake, asikie wanachosema na ajibu. Ndani ya miaka miwili, huyo mtu awe amefika Kijapani cha kiwango cha kati na ana cheti chake. La sivyo, injini zitakwenda kwa wanunuzi wengine. Kijana wa kwanza aliyetajwa alinyimwa viza. Wa pili alisikia habari za baridi ya Gunma akakumbuka kwamba ana pumu. Bi Tumu, mwenye miaka hamsini na saba, mjane, watoto wameshaoa na kuolewa, akasema kutoka mapokezi bila hata kusimama: "Basi nitakwenda mimi. Kwani huko hawanywi chai?"

Aliondoka Aprili. Jioni alikuwa akisoma kwenye darasa la kujitolea katika ukumbi wa kata, pamoja na Wabrazili, Wavietinamu na Wapakistani, wakifundishwa na mfanyakazi mstaafu wa posta. Alitutumia ujumbe wa sauti kila wiki, nasi tukausikiliza karakanani kwa spika. Alituambia kuhusu upepo unaoshuka milimani ukamvua ushungi, kuhusu treni ambamo watu wote wananyamaza kama wako msibani, na kuhusu taka, ambazo kila aina ina siku yake, na jirani hukurudishia mfuko mlangoni ukikosea. Miezi ya kwanza alikuwa na furaha. Kisha sauti ikabadilika.

"Hiki kiwango cha kati ni mahali pabaya, wanangu," alisema siku moja. "Mwanzoni ukisema habari za asubuhi tu, mtaa mzima unakupongeza. Ukifika katikati, hakuna anayekusifu tena. Wanadhani unaelewa. Na wewe unaelewa, lakini kiasi cha kujua kwamba umeachwa nyuma."

Nani kati yetu hayuko kiwango cha kati? Mimi nina miaka kumi na mitano katika jiji hili. Kizulu changu kinatosha kununua mkate kwenye spaza, duka dogo la mtaani, na kutambua kwamba ninasemwa, hakitoshi kujibu. Watoto wangu nawasemesha Kiswahili, wao wananijibu Kiingereza, na tunapendana hivyo hivyo, kila mmoja akiwa katikati ya lugha ya mwenzake. Tulikuwa tunamwonea huruma Bi Tumu kwa jambo ambalo sisi wenyewe tunaishi nalo na hatujawahi kulipatia jina.

Sasa nije kwenye sahani. Chumba cha Bi Tumu kilitazamana na nyumba ya dada yake Mzee Shimura, Bi Sachie, mjane anayekaribia miaka themanini, anayeishi peke yake. Mwezi wa Ramadhani ulipofika, Bi Tumu alifanya kama mtu yeyote wa Tanga angefanya: akakaanga kaimati, akapeleka sahani kwa jirani. Kesho yake sahani ikarudi na figili za kuchachusha. Bi Tumu akafurahi mno, akaona amepata mtu wa kwao. Watu wa pwani mnajua kwamba sahani ya jirani hairudi tupu, kwa hiyo akapeleka visheti. Zikarudi stroberi, kubwa, kila moja imelazwa kwenye kikaratasi chake. Akapeleka mkate wa kumimina. Kumbe Wajapani nao wana lao: ukipewa kitu huwezi kukaa nacho kimya, lazima urudishe shukrani yenye uzito wake. Mila mbili zilikutana, na hakuna hata moja iliyojua mahali pa kusimama.

Mambo yakaenda hivyo hadi baridi ilipoingia. Siku moja Mzee Shimura alikuja mwenyewe mlangoni, kofia mkononi, akasema dada yake anashukuru sana, na kwamba tafadhali Bi Tumu asijisumbue tena. Maneno yote aliyaelewa, na aliona fahari kwamba ameyaelewa. Lakini ni nani Tanga anayesema usijisumbue na akawa anamaanisha hivyo? Usijisumbue ni kukaribishwa mara ya pili. Jioni ile Bi Tumu alipeleka sahani mbili.

Asubuhi moja ya Januari 2017, barabara ikiwa na barafu, Bi Sachie alitoka kwenda dukani kutafuta cha kuweka kwenye sahani hizo mbili. Aliteleza akavunjika mkono.

Mzee Shimura hakufoka. Ingekuwa nafuu kama angefoka. Alimwamkia Bi Tumu kwa adabu ile ile ya kila siku, ila magari mapya yalipoingia yadini hakumwita tena. Kontena la Februari halikupakiwa. Huku Malvern tuliingiwa na hofu, na kila mtu akajifanya mshauri. Suhaib alipiga simu: "Eish, mama, omba msamaha, peleka zawadi kubwa kabisa." Murielle wa uhasibu alishauri maua. Mimi nilipokonya simu nikasema, "Maman Tumu, upeleke mbuzi, hii mambo iishe." Hakucheka. Alisema tu kwamba amemvunja mkono mwanamke mzima kwa ukarimu, na kwamba hata hajui kulia kwa Kijapani.

Aliyemfumbua macho ni yule mwalimu wake wa jioni, mstaafu wa posta. Alimweleza taratibu kwamba Bi Sachie hakuwa akirudisha sahani, alikuwa akilipa, na kwamba kwa miezi mingi alikuwa akikosa amani kwa kuwaza cha kulipia. Zawadi ya kuomba msamaha, hasa ikiwa kubwa, ingekuwa mzigo mwingine juu ya mkono uliovunjika. Bi Tumu alimuuliza apeleke nini, basi. Mwalimu akamwambia asipeleke kitu.

Naomba mwelewe uzito wa jambo hilo. Mwanamke wa Tanga kuingia kwa mgonjwa mikono mitupu ni afadhali aingie kichwa wazi. Bi Tumu anasema alisimama nje ya mlango ule akiwa hajui mikono aiweke wapi, akaishia kuificha ndani ya koti. Alikuwa amekariri maneno ya kuomba radhi kwa wiki nzima. Mlango ulipofunguliwa, nusu yake yalikimbia. Alisema yaliyobaki, kisha macho yake yakaangukia jikoni, ambako vyombo vya siku kadhaa vilikuwa vimelala, kwa kuwa mwenye nyumba alikuwa na mkono mmoja tu wa kufanyia kazi. Akavua koti, akakunja mikono ya gauni, akaosha.

Halafu akapika. Alipika mchele wa Bi Sachie na samaki wa Bi Sachie katika sufuria ya Bi Sachie, na chupa moja ya mvinyo wa kupikia ikapandishwa rafu ya juu kwa heshima. Hakuna sahani iliyovuka njia, kwa hiyo hakuna aliyemdai mwenzake. Walikula pamoja. Kabla chakula hakijaisha, Bi Sachie alikuwa ameshamgombeza: mchele haukuoshwa vya kutosha, kisu kimeshikwa vibaya, sufuria haifunuliwi ovyo. Kesho yake mlango uliachwa bila kufungwa.

Bi Tumu anasema Kijapani chake kilianzia hapo, na alikipata kwa kugombezwa. Mgeni husifiwa, anayegombezwa ni wa nyumbani. Maneno ya kumkaripia mtu hayamo kwenye vitabu vya wanafunzi, kwa sababu hakuna anayethubutu kumwambia mgeni. Mkono ulipona, yeye akaendelea kwenda. Magari yakaanza tena kuonyeshwa kwake, na makontena yakapakiwa. (Tangu nisikie habari hiyo, nami nimeacha kununa akinigombeza kuhusu buti zangu chafu mapokezi.)

Ukweli lazima usemwe hata siku ya sherehe: mtihani wa kiwango cha kati alioufanya Desemba 2017, ambao kazi zetu zote zilining'inia juu yake, Bi Tumu alianguka. Kusikiliza alifaulu vizuri, kusoma kulimmaliza. Suhaib alimpigia Mzee Shimura kumweleza kwamba cheti hakuna. Mzee akauliza kama yule Mkongo wa gearbox, yaani mimi, bado anachelewa kazini. Dada yake alikuwa amesimuliwa habari zetu zote, naye amemsimulia kaka yake. Akasema mtu anayeweza kusimulia mengi kiasi hicho, yeye hamwombi cheti.

Bi Tumu alirudi Machi 2018. Tangu hapo, kila Jumatatu amekuwa akipiga simu Gunma, na injini hazitajwi mpaka mkono wa Bi Sachie uulizwe, na upepo, na figili. Hakuna kontena lililokosa kuja. Hakuna mfanyakazi aliyepunguzwa, pamoja na mimi, ambaye nina watoto wawili shuleni na buti chafu.

Mnaona sasa kwa nini roho zetu zilikuwa juu. Nafasi yake anaichukua Murielle, aliyejitolea mwenyewe, na ambaye mwaka mzima amekuwa akisoma jioni baada ya kazi. Ni hodari, lakini bado yuko kwenye habari za asubuhi. Mwezi uliopita Bi Tumu alipiga simu kumwambia Mzee Shimura kwamba anastaafu na kwamba anayekuja hajui lugha. Mashine zote zilizimwa. Tulisimama kuizunguka meza ya mapokezi, mikono ina grisi, tukimtazama usoni kwa kuwa maneno yenyewe hatuyajui. Alisema maneno mengi. Kisha ikasikika sauti ya mzee, fupi, na baada yake sauti ya mwanamke iliyompokonya simu. Niliona macho ya Bi Tumu yakijaa.

Alifunika simu kwa kiganja, akamgeukia Murielle. "Bi Sachie anauliza kama unajua kuosha mchele. Nimemwambia hujui. Amesema uje hivyo hivyo, usilete kitu."

Murielle anasafiri Januari. Bi Tumu, sisi uliotugombeza tunakushukuru kwa mioyo yetu yote. Rudi Ngamiani kwa amani, Mungu akupe afya na umri wa kuzifaidi siku zako, na popote utakapobisha hodi, ukute mlango uko wazi.